Gauni Jeupe Lisilo na Nyeupe: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita tulichapisha nakala ya picha ya Berthe Morisot, mchoraji wa Kifaransa, inayomwonyesha msichana aliyevaa gauni jeupe la dansi. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko kurasa tulizopewa, na karibu zote zinazunguka jambo moja: nyeupe inachorwaje kwa rangi za mafuta? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Nikiitazama ile picha kwa mbali naona gauni jeupe pe. Nikiisogeza karibu naona kijivu, buluu, kijani, hata waridi. Nyeupe yenyewe imekwenda wapi? (Msomaji, Tanga)

Ipo, ila ni kidogo mno, na iko pale tu ambapo mwanga umegonga kitambaa moja kwa moja. Sehemu kubwa ya gauni ni kijivu cha aina aina. Kitambaa cheupe hakina rangi ya kwake ya kukutolea. Kinarudisha kila kilicho jirani. Nyuma ya msichana huyu kuna majani, basi kijani kinaingia kwenye mikunjo. Mabega yake yako wazi, basi waridi la ngozi linashuka kwenye ukingo wa gauni. Mwanga wa angani unaleta buluu. Jicho lako, likiwa mbali, linajumlisha vyote na kukuambia "nyeupe", kwa sababu linajua gauni ni jeupe. Mchoraji anayechora anachokijua badala ya anachokiona ataishia kubandika chokaa.

Usituamini kwa maneno. Chukua kadi ya kijivu, toboa matundu mawili ya milimita 5, yaachane kama sentimita 3. Weka kadi juu ya picha ile, tundu moja kwenye sehemu angavu ya gauni na jingine kwenye kivuli chake. Yale mazingira yakishafichwa, utashangaa kivuli kilivyo kizito: ukikiona peke yake hutadhani kimetoka kwenye nguo nyeupe. Jaribio la pili halina gharama yoyote. Tundika kanzu safi kwenye kivuli cha ukuta saa tatu asubuhi, itazame. Itazame tena saa kumi na moja na nusu jioni. Asubuhi ina buluu, jioni ina manjano. Kanzu ni ileile.

Kwa wanaotaka kuifahamu picha: ilichorwa mwaka 1879, ni mafuta juu ya kanvasi, sentimita 71 kwa 54, na iko Musée d'Orsay, Paris. Morisot aliionyesha mwaka 1880 kwenye maonyesho ya tano ya kundi la Waimpreshonisti, wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 walionasa mwanga wa papo hapo kwa mapigo ya brashi yanayoonekana. Mwaka 1894 serikali ya Ufaransa iliinunua kwenye mnada wa mkusanyaji Théodore Duret, baada ya mshairi Stéphane Mallarmé kuwashikilia wakubwa wa idara ya sanaa. Morisot alifariki Machi 1895, kwa hiyo aliwahi kuishuhudia picha yake ikiingia mikononi mwa taifa, lakini kwa karibu mwaka mmoja tu.

Nataka kumchora binti yangu na gauni lake la komunio ya kwanza. Ninunue nyeupe ipi, na kiasi gani? Fundi mmoja ameniambia nyeupe ya kweli ni ile ya risasi. (Baba wa mtoto mmoja, Moshi)

Fundi wako hakukudanganya kwa habari ya zamani. Waimpreshonisti walitegemea zaidi nyeupe ya risasi: madini ya risasi yaliyogeuzwa kuwa unga mweupe kwa mvuke wa siki. Inakauka haraka, inatengeneza utando mgumu unaonyumbuka, na haimezi rangi nyingine ukiichanganya nazo. Lakini ni sumu inayojikusanya mwilini, na watoto ndio huumia kwanza. Nyumbani penye mtoto tunakuambia usiinunue. Ukirithi picha ya zamani ya rangi hiyo, usiipige msasa kamwe. Vumbi lake ndilo baya zaidi.

Zinabaki mbili. Nyeupe ya zinki ni baridi na inapitisha mwanga kidogo, inavutia sana kwa shela na kitambaa chepesi. Ubaya wake unakuja baadaye: utando wake hukakamaa, halafu hupasuka au kubanduka vipande. Usiitumie kama tabaka la chini, na usiipake nene. Nyeupe ya titani, iliyoingia kwenye rangi za wachoraji karne ya 20, kwa hiyo Morisot hakuwahi kuiona, ni salama na ina nguvu kupindukia. Nguvu hiyo ndiyo mtihani wake, maana tone dogo linapausha kila kitu. Nunua titani. Kama dukani kuna tyubu iliyoandikwa mchanganyiko wa titani na zinki, soma kwanza. Zinki ikiwa ndiyo iliyotangulia kwenye orodha ya viambato, iache.

Tazama pia mafuta yaliyosagiwa. Mafuta ya kitani hutoa utando imara lakini hugeuka manjano. Ya mbegu za safflower, au ya mbegu za popi, hayageuki sana ila hukauka taratibu na utando wake ni dhaifu. Kwa tabaka la chini tumia ya kitani, na kwa mapigo ya mwisho ya mwanga tumia hayo mengine.

Kiasi: kwa kanvasi ya sentimita 60 kwa 50 yenye gauni jeupe, tyubu ya mililita 37 itakuishia kazi ikiwa katikati. Chukua ya 120 au 200. Rangi nyingine mililita 37 zinatosha picha kadhaa: buluu ya ultramarini, buluu ya kobalti, njano ya oka, njano ya kadimi, nyekundu ya kadimi, nyekundu ya alizarini, kijani cha viridiani na siena ya kuchoma. Kobalti na kadimi ni ghali. Mkono ukiwa mfupi, anza bila kobalti. Nyeusi tumeiacha kwa makusudi. Si kwamba wakubwa wale hawakuitumia, Édouard Manet, mchoraji wa Paris wa enzi hiyo, aliipenda mno, ila anayeanza huichanganya na nyeupe kupata kivuli, na kivuli hicho huwa cha rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Nipeni vipimo vya kuchanganya. Nimechoka kuambiwa "ongeza kidogo". (Mwanafunzi, Morogoro)

Haya. Ila kwanza jibu swali moja: mtu unayemchora ameketi juani au dirishani? Juani mwanga ni wa joto na vivuli ni vya baridi. Dirishani, kwa mwanga wa anga usio na jua, mambo yanapinduka: mwanga ni wa baridi na vivuli vinavuta kwenye joto. Ukichanganya mifumo miwili kwenye gauni moja, hakuna kipimo kitakachokuokoa.

Juani. Kwa mwanga: kijiko kimoja cha chai cha nyeupe ya titani, na njano ya kadimi ya ukubwa wa punje ya mchele. Kwa kivuli: kijiko kimoja cha nyeupe, ultramarini ya ukubwa wa harage, siena ya kuchoma nusu ya hiyo. Kivuli kilicho karibu na majani ongeza viridiani punje moja na oka punje mbili.

Dirishani. Kwa mwanga: kijiko kimoja cha nyeupe, kobalti punje moja. Kwa kivuli: kijiko kimoja cha nyeupe, oka ya ukubwa wa harage, ultramarini nusu harage, alizarini punje moja.

Hivi ni vianzio. Nguvu za tyubu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Pima hivi: paka kivuli chako kwenye kipande cha karatasi nyeupe ya kuchapia. Kinapaswa kukaribia uzito wa saruji iliyokauka. Kikiwa chepesi kama maziwa, ongeza buluu na siena, usiongeze nyeupe. Na usichanganyie kwenye palati nyeupe, kwani juu yake kila mchanganyiko huonekana mzito kuliko ulivyo, nawe utaupausha bila sababu. Weka karatasi ya kijivu chini ya kipande cha kioo, changanyia juu ya kioo.

Gauni langu limetoka kama ukuta uliopigwa chokaa. Nimeongeza nyeupe, likazidi kufa. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kisumu)

Kosa liko hapo hapo ulipoongeza. Nyeupe ya tyubu ndiyo mwisho wa ngazi; juu yake hakuna kitu. Ukianza gauni kwa nyeupe tupu, umeshapanda hadi kipaa, na pambo linalometa, ncha ya lesi inayopigwa na jua, havitakuwa na pa kwenda. Gauni lote lisogeze chini: sehemu yenye mwanga ichorwe kwa nyeupe iliyotiwa rangi, na nyeupe kavu ifungiwe hadi dakika 15 za mwisho za kazi. Hapo weka mapigo matano, sita. Yatang'aa kwa sababu majirani wake wamenyamaza.

Fumba macho nusu, gauni uligawe mara mbili: upande wa mwanga na upande wa kivuli. Sasa kagua. Kama kuna hata doa moja ndani ya kivuli lenye weupe sawa na wa upande wa mwanga, umbo limevunjika. Mara nyingi doa hilo ni mwanga ulioakisiwa kutoka sakafuni au mezani, ambao wanaoanza huupenda mno. Upo kweli, lakini bado ni mali ya kivuli, ushushe.

Kisha kuna uchafu wa brashi. Brashi iliyogusa kivuli ikirudi kwenye mwanga inauchafua. Tenga brashi mbili za mwanga na mbili za kivuli, bapa, za manyoya ya nguruwe, namba 6 na 10, na zifute kwa kitambaa kila baada ya mapigo mawili matatu. Na ukishaweka pigo, liache. Likiguswa mara ya tatu linakuwa uji. Huo uchangamfu mnaousifia kwa Morisot ni mapigo ambayo hakuyarudia.

Ukikosea, usifunike. Kwangua kwa kisu cha palati, futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, anza upya sehemu hiyo. Manet alipomchora mwanafunzi wake Eva Gonzalès, picha ya mwaka 1870 yenye gauni jeupe linalojaza nusu ya kanvasi ya sentimita 191 kwa 133, alikwama kwenye uso, si kwenye gauni. Morisot alimsimulia dada yake kwa barua kwamba Eva anakaa kila siku, na kila jioni kichwa chake kinafutwa kwa sabuni. Kufuta ni sehemu ya kazi.

Vitabu vinasema studio iwe na dirisha la kaskazini. Langu la Dar es Salaam linaelekea kaskazini na jua linanipiga Juni yote. Nimenunua kitabu kibovu? (Mchoraji, Dar es Salaam)

Kitabu ni kizima, ila kiliandikwa kwa ajili ya Paris na London. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga peke yake, usiobadilika sana kutwa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Kwako jua la mchana liko kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba hivi, kisha linahamia kusini. Dirisha la kaskazini ni zuri Novemba hadi Februari. Miezi mingine unataka la kusini. Kwa Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, mgawanyo ni takriban nusu kwa nusu.

Kama dirisha ni moja tu, litundikie shuka jeupe lisilo na maua, likiwa limekazwa. Jua likilipiga, shuka lenyewe linakuwa chanzo cha mwanga, laini na pana. Fahamu tu kwamba mwanga huo sasa ni wa joto kidogo, hivyo vivuli vya gauni vitapoa. Chora saa zilezile kila siku, saa mbili na nusu hadi nne na nusu asubuhi kwa mfano, na saa ikiisha weka brashi chini hata kama mkono umechangamka. Vivuli vya saa sita vikibandikwa juu ya mwanga wa saa tatu vinaliharibu gauni jeupe kuliko nguo yoyote nyingine, kwa sababu hakuna rangi ya kitambaa ya kuficha kosa.

Kanvasi za dukani ni ghali. Naweza kuchorea kwenye amerikani? Niko pwani, na picha zangu mbili za mwanzo zimelegea na kuota ukungu nyuma. (Msomaji, Mombasa)

Unaweza, lakini amerikani ikivutwa peke yake kwenye fremu ni nyembamba. Italegea msimu wa mvua na kukaza msimu wa kiangazi, na rangi itapasuka ikiifuata. Ibandike juu ya hadibodi. Hivi:

Chemsha amerikani kwa sabuni ili wanga wa kiwandani utoke, suuza mara mbili, kausha, piga pasi. Itarudi kidogo, ndiyo maana unaichemsha kabla. Kata hadibodi ya milimita 3, parua upande laini kwa msasa namba 120, futa vumbi. Paka jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi) kwa brashi pana, laza kitambaa kikiwa na ziada ya sentimita 4 kila upande, kisukume kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni hadi mapovu yaishe, kunja ziada nyuma. Paka jeso nyuma pia. Watu wengi huliruka hilo, halafu hushangaa ubao unapopinda kama ganda la mhogo: upande mmoja unakunywa unyevu, mwingine haunywi.

Siku ya pili paka juu jeso iliyoongezwa maji, sehemu 1 ya maji kwa 4 za jeso. Ikikauka piga msasa namba 220 kwa wepesi. Rudia mara mbili bila maji, ukibadilisha mwelekeo wa brashi. Subiri siku tatu kabla ya rangi ya mafuta. Rangi ya ukutani ya maji isikushawishi kuwa mbadala. Inakunywa mafuta ya rangi yako na kuiacha imepauka, yenye mabaka.

Kwa gauni jeupe, tia jeso ya mwisho akriliki nyeusi na oka kidogo upate kijivu cha joto. Ukiwa umeanzia kwenye kijivu, pigo la kwanza la nyeupe unaliona. Ukiwa umeanzia kwenye nyeupe, unachora gizani. Waimpreshonisti nao walinunua kanvasi zilizopakwa tayari, nyingine nyeupe, nyingine za maziwa au kijivu, na mara nyingi waliacha rangi hiyo ya chini ionekane kati ya mapigo.

Ule ukungu umetokana na gundi ya ngozi, kama ndiyo uliyotumia, pamoja na ukuta usiopumua. Pwani gundi ya ngozi haifai. Bandika vipande vya kizibo vya milimita 10 kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite.

Naweza kutumia rangi ya geti badala ya rangi za tyubu? (Kijana, Mwanza)

Unaweza kuchora picha, ila si picha ya namna hii. Wachoraji wa Tingatinga wameitumia rangi ya namna hiyo juu ya hadibodi tangu mwisho wa miaka ya 1960, na inawafaa kwa sababu wao wanataka rangi bapa, inayong'aa, yenye ukingo mkali. Gauni la Kiimpreshonisti linahitaji rangi nzito inayobeba alama ya brashi na kubaki bichi hadi jioni. Rangi ya geti inatiririka, na ukiipaka nene inakauka juu huku chini ikiwa bichi, halafu inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Usiichanganye na rangi za tyubu kwenye picha moja.

Karibu vitabu vyote vinaeleza ngozi nyeupe na gauni jeupe. Binti ninayemchora ni mweusi tititi. Ama uso unakuwa shimo, ama ngozi inatoka na majivu. (Dada, Kampala)

Dada, hili ni swali zuri kuliko yote mwezi huu, na jibu lake linawafaa wasomaji wetu wengi.

Majivu yanatokana na nyeupe. Unataka kuinua sehemu yenye mwanga kwenye shavu, unachovya nyeupe, na kahawia inageuka kijivu kilichopauka. Inua kwanza kwa rangi: kwenye kahawia yako (siena ya kuchoma, ultramarini, alizarini kidogo) ongeza nyekundu ya kadimi na oka. Utapanda hatua mbili tatu bila nyeupe hata chembe. Nyeupe iingie mahali pamoja tu: pale ngozi inapometa, kwenye paji, mfupa wa shavu, daraja la pua, bega. Na hapo haiingii peke yake. Kumeta kwa ngozi nyeusi ni taswira ya dirisha au anga juu yake, hivyo rangi yake ni ya baridi: nyeupe, kobalti na alizarini kidogo, zambarau iliyofifia. Ukiiweka kando ya kahawia yenye wekundu, ngozi inapata uhai papo hapo. Ukiweka njano au krimu mahali hapo, uso unaonekana umepakwa poda.

Shimo linatokana na nyeusi, na kwa kawaida linatokana na simu. Kamera ikikutana na gauni jeupe inapunguza mwanga ili kulinusuru gauni, na uso unazama. Mchore binti akiwa mbele yako. Ikibidi kutumia picha ya simu, piga mbili bila kusogea: moja ukigusa skrini kwenye gauni, nyingine ukigusa kwenye uso. Vivuli vya uso vichukue kwenye ya pili. Kivuli kizito cha ngozi nyeusi kina rangi ndani yake: ultramarini na siena kwa vipimo sawa, alizarini robo, na kikae chembamba, kimepanguliwa kwa tapentaini kidogo ili kanvasi ya chini ipumue. Vivuli vyembamba, mianga minene.

Sasa utamu wenyewe. Gauni jeupe ni kioo kikubwa chini ya kidevu. Linarusha mwanga juu: chini ya taya, ndani ya mkono, chini ya pua. Kwa ngozi nyeusi mwanga huo unaonekana wazi kuliko kwa ngozi nyeupe, na ukiupata sawasawa gauni litaonekana jeupe hata kabla hujaligusa. Uchanganye kutoka kwenye kahawia ya kivuli, ukiinua hatua moja kwa oka na kobalti. Ngozi nayo inalipa deni: pale shingo inapokutana na kola, tia siena kidogo ndani ya nyeupe ya kivuli, wekundu uvuje kwa upana wa kama kidole. Na usichore mstari kuzunguka shingo. Tofauti ya weusi na weupe tayari inapiga kelele. Ukingo mmoja uache mkali, labda begani kwenye mwanga, mwingine uulainishe kwa kidole ukiwa bado mbichi.

Kama unaweza kupata nakala nzuri, itazame picha ya Madeleine iliyochorwa na Marie-Guillemine Benoist na kuonyeshwa Paris mwaka 1800, iko Louvre. Si ya Waimpreshonisti, iliwatangulia kwa miongo mingi, lakini ni mwanamke mweusi mwenye kilemba na nguo nyeupe, na hakuna jivu hata moja kwenye ngozi ile.

Niko Dortmund kwa masomo. Kuna picha ya namna hii karibu nami, au ni lazima nipande treni ya Paris? (Mwanafunzi, Ujerumani)

Panda treni ya Essen, ni jirani yako. Museum Folkwang wana picha ya Renoir, mmoja wa Waimpreshonisti, ya mwaka 1867 ya Lise Tréhot, amesimama msituni na mwavuli, gauni jeupe, mshipi mweusi mrefu. Ina urefu wa sentimita 184, karibu kimo cha mtu. Ilikubaliwa kwenye maonyesho ya Salon ya Paris mwaka 1868. Anza kwa kusimama hatua sita nyuma. Utaona uso umewekwa kwenye kivuli cha mwavuli na gauni ndilo limepewa jua, kinyume cha desturi ya picha za watu. Kisha sogea, tazama kivuli kilicho kwenye kitambaa: buluu na kijani cha msituni vimo. Linganisha weupe wa mikono ya gauni, ambapo ngozi inapenya kitambaa chepesi, na weupe wa sketi. Chukua kadi yako yenye matundu mawili, ila usiinyooshe karibu na picha; mlinzi hatakuelewa.

Picha ya mama yangu ilifungwa kwenye karatasi kabatini miaka minne. Nimeifungua, nyeupe yote imekuwa manjano. Jirani anasema niisugue kwa ndimu. (Msomaji, Bukoba)

Ndimu ni ya samaki. Mafuta ya kitani hugeuka manjano yakikaa gizani, na sehemu kubwa ya manjano hayo hurudi nyuma yakipata mwanga. Itundike kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha lakini jua lisiifikie, iache wiki nne hadi sita, kisha uitazame tena. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Maji, sabuni, mkate na kiazi tumewahi kusikia vikipendekezwa. Vyote vinaacha mabaki ndani ya nyufa. Kama baada ya wiki hizo manjano yamebaki sawasawa juu ya picha yote, huenda ni vanishi ya zamani, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi picha.

Nimemaliza. Vanishi nipake lini? (Msomaji, Zanzibar)

Mapigo mazito ya nyeupe yanaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka kukauka hadi ndani, na kwa unyevu wa kwenu msikimbilie. Chovya pamba kwenye tapentaini kidogo, pitisha kwa wepesi kwenye pigo nene kuliko yote, pembeni mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, subiri. Ikitoka safi, paka tabaka moja jembamba la vanishi isiyong'aa sana, siku isiyo na mvua. Au usipake kabisa. Vanishi yenye kung'aa inazamisha vijivu vyepesi, na ndivyo ulivyohangaikia miezi yote hiyo. Camille Pissarro, naye Mwimpreshonisti, aliwahi kuandika nyuma ya picha yake mojawapo akiomba isipakwe vanishi. Ukiiacha hivyo, ila iko kwenye chumba chenye vumbi au moshi wa jikoni, iwekee kioo kisichogusana na rangi.